Msamaha Ulioombwa Mara Tatu

Kambi ya reli, kaskazini mwa Ontario
10 Septemba 1911
Leo ni miezi mitano na siku nne tangu niondoke Montreal

Dada Hinde,

Salamu nyingi kwako na kwa mama. Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo, na mgongo wenyewe si wangu tena, ni wa reli. Mwezi mzima tuling'oa visiki, sasa tunamwaga kokoto na kulaza mataruma, yale magogo yanayobeba reli. Visubi wamepungua kwa sababu ya baridi. Tangu Juni walitula bila kubagua dini.

Mwambie mama nakula vizuri. Usimwambie kwamba mpishi wa hapa anajua chakula kimoja tu, maharage na nyama ya nguruwe. Mimi nala maharage. Kwamba vimepikwa sufuria moja, hilo ni kati ya mpishi na sufuria yake, mimi sikuwepo jikoni.

Magoti ya mama yanaendeleaje? Na wewe kifua? Bado unashona kola kwa yule Mromania, au amekupa kazi ya mashine?

Sasa jambo lenyewe. Mwaka Mpya wetu unakaribia, na siku kumi baadaye Siku ya Upatanisho. Kati ya wanaume sitini hapa, Myahudi ni mimi peke yangu. Kwa hiyo nakuomba mambo mawili. La kwanza, nitumie kalenda yetu. Hapa ipo kalenda moja, ina picha ya msichana akitangaza sabuni, na haina habari na sisi. La pili, kama ilivyo desturi, ikiwa nimekukosea kwa lolote, kwa kujua au kwa kutojua, nisamehe kabla sijafunga. Yaliyo kati yangu na Mungu atayasamehe mwenyewe. Yaliyo kati yangu na wewe hayagusi mpaka uyaguse wewe kwanza. Hayo hata mimi niliyekimbia darasa la rabi nikiwa na miaka tisa nayajua.

Mdogo wako,
Zelik


Montreal, 21 Septemba 1911

Mdogo wangu Zelik,

Tumepata barua yako, mama ameisoma mara mbili, mara ya pili kwa jirani. Hajambo, magoti ndiyo hayo, anasema yanaona theluji kabla ya watu wa gazeti. Amekununulia jogoo wa upatanisho. Kwa kuwa kichwa chako hakipo, atamzungusha juu ya picha yako, ile uliyopiga umevaa kofia ya kuazima. Nimemwuliza kama dhambi zitahamia kwa jogoo au kwa mwenye kofia. Akanitupia kitambaa cha vyombo.

Kalenda nimeiweka humu ndani. Msamaha nao umeupata, wote, wa kujua na wa kutojua, hata wa yale matope ya buti zako kwenye zulia. Na mimi unisamehe nilivyokuita mvivu siku unaondoka. Nilidhani umechoka kazi ya kiwanda. Mtu anaondoka wiki moja kabla ya Pasaka, bila sababu, ungetaka nikuiteje?

Juzi nilikutana na Pesha mlangoni kwa muuza samaki. Akafungua mdomo kunisalimia. Nikavuka barabara. Watu wanasema, "Hinde, hizi ni siku za toba, samehe." Ninawajibu, hata aje kwa magoti kutoka mtoni, huyo simsamehe. Mpangaji aliyelala chumba kimoja na mimi miaka miwili! Aliyenishika mkono kule hospitali ya milimani nikikohoa damu! Halafu akaenda kuwasimulia ukoo wa Gutkin kwamba bibi harusi wao ana kifua kibovu. Nani mwingine alijua? Mama, wewe, mimi na yeye. Nyumba nzima tulimwuliza mezani, akalia tu, hakukana. Nilifungua mlango mwenyewe nikamtoa na sanduku lake, Januari ile, theluji ikifika magotini. Sijutii.

Vipande vya sahani tuliyovunja kwa desturi siku ya uchumba mama bado anavyo kabatini. Nahum Gutkin mwenyewe, aliyeniacha, nasikia anatafutiwa msichana wa Toronto, mzima kama ng'ombe.

Haya, ufunge salama, na uandikwe katika kitabu cha uzima.

Dada yako,
Hinde


Kambini, 8 Oktoba 1911

Dada Hinde,

Salamu kwako na kwa mama, na mshukuruni jogoo kwa niaba yangu. Barua yako na kalenda vimefika Ijumaa kwa gari la unga. Upatanisho ulikuwa Jumatatu.

Nikwambie yaliyonipata. Kalenda haikuja, nikasema basi, nitahesabu kwa mwezi, kama wazee wetu jangwani. Lakini jangwani hakuna mawingu. Wingu lilikaa juu ya kambi siku tatu, na mwezi ulipojitokeza ulikuwa tayari umenenepa kidogo. Nikakadiria. Nikafunga Jumanne.

Asubuhi nikavua buti za ngozi kama sheria inavyotaka, nikazungushia miguu magunia, nikaenda kukaa nyuma ya mrundo wa mataruma. Nyapara akanifuata.

"Unaumwa?"

"Hapana. Nimefunga. Leo naomba Mungu anisamehe."

"Aisee, umefanya nini?"

Nikajifunga gunia upya mguuni. Akasema siku hiyo haitahesabiwa kazi, akaondoka. Mchana alikuja Toivo, yule Mfini tunayelala kitanda cha juu na chini, na Onufri, mtu wa Galisia. Onufri akasema, "Usijali, ndugu, nimekula sahani yako, kwa hiyo umefunga na mimi nimeshiba, Mungu amepata hesabu yake." Wakakaa na mimi mpaka kengele ya kazi.

Maungamo nilijaribu kuyasema bila kitabu, nikijipiga kifua. Tumekosa, tumesaliti, tumesema mabaya. Nilikumbuka dhambi kama kumi na mbili, nyingine itabidi nizitende ndipo nizikumbuke. Na hiyo ilikuwa Jumanne. Jumatatu, siku yenyewe, wakati ninyi mmesimama kwa nguo nyeupe, mimi nilikuwa nabeba chuma, nimevaa ngozi miguuni, na jioni nikarudia maharage. Nilipofungua kalenda yako nikamwonyesha Toivo. Akacheka mpaka akashika mti. "Mungu wenu hana kalenda?" Nikamwambia anayo, ilikuwa inakuja kwa gari la unga.

Sasa niseme lililonileta.

Barua yako imenisamehe kila kitu. Nimeisoma nikakosa raha, kwa sababu umesamehe usichokijua. Ni kama mtu ametia sahihi karatasi tupu.

Si Pesha aliyesema. Ni mimi.

Ilikuwa Ijumaa, kwenye bafu la mvuke. Mzee Gutkin, mjomba wake Nahum, amelala benchi ya juu, mimi nampiga mgongo kwa matawi kwa sababu aliniomba. Akasema, "Dada yako amenenepa, inapendeza." Nami nikajibu, "Ndiyo, mzee, tangu atoke hospitali ya kifua hajakohoa hata mara moja." Nilikuwa nakusifia, Hinde. Nilitaka ajue una nguvu. Mzee akageuka akaniangalia, akasema, "Hospitali gani?"

Mama alipouliza pale mezani nani amesema, nilikuwa na mkate mdomoni. Niliutafuna mpaka Pesha alipomaliza kufunga sanduku.

Hiyo ndiyo sababu ya kuja huku. Haikuwa kiwanda. Naomba unisamehe, safari hii ukijua unasamehe nini.

Zelik


Kambini, 17 Desemba 1911

Dada Hinde,

Salamu kwako, salamu kwa mama. Huku theluji inafika kiunoni, tunaifukua asubuhi ili tuione kokoto, jioni theluji inaifunika tena. Onufri alipigwa na taruma mguuni, amepona, anachechemea kwa makusudi nyapara akipita. Mama amepata soksi nilizomtumia? Si za sufu yote, lakini zina sufu.

Wiki kumi sijapata barua. Gari la unga linakuja kila wiki mbili. Toivo ameandikiwa hata na mbwa wao, dada yake ametia wino kwenye unyayo wa mbwa akaugandamiza kwenye karatasi. Mimi naambulia hewa.

Najua umeudhika. Lakini na wewe unaijua sheria. Aliyekosa aombe msamaha mara tatu, mbele ya watu watatu. Akikataliwa mara tatu, basi yeye yuko huru, na kosa linabaki kwa aliyekataa. Niliomba Septemba, nikaomba Oktoba, na leo naomba mara ya tatu. Ili usiseme hapakuwa na mashahidi, hawa hapa chini wamesikia nikiisoma barua hii kwa sauti, nami nimewatafsiria.

Sikuandikii kukutisha. Nakuandikia kwa sababu nimechoka.

Zelik

Mashahidi: Toivo (ameandika mwenyewe). Onufri (hajui kuandika, ameweka alama yake). Nyapara (amesema haelewi jambo hili linahusu nini, lakini ameweka sahihi ili turudi kazini).


Montreal, 14 Januari 1912

Zelik,

Mama anakusalimu. Soksi amezipata, amezivaa, anasema anaitafuta hiyo sufu. Magoti yamezidi, sasa ngazi anapanda akikaa, moja moja, na haruhusu mtu kucheka. Samaki wamepanda bei. Yule Mromania amenipa mashine.

Nimepokea barua yako ya kwanza, ya pili na ya tatu. Umesema umechoka. Pole. Nami nikueleze hesabu yangu, kwa kuwa naona siku hizi umekuwa rabi.

Ya Septemba haihesabiwi, kwa sababu nilikupa, nawe ukairudisha. Ulikuwa na msamaha mkononi, mzima, wa bure! Nani alikutuma uuchunguze? Mtu akipewa mkate hauvunji kutafuta kama una mchanga. Ya Oktoba ndiyo ya kwanza. Ya Desemba ilikuja na mashahidi, nami nimewatazama vizuri. Mfini, nyapara asiyejua ametia sahihi nini, na mtu wa Galisia ambaye alama yake ni msalaba. Umewahi kuona ombi la toba ya Kiyahudi lina msalaba chini? Mama aliuona. Ilibidi nimwambie ni alama ya kujumlisha, kwamba mnahesabu mataruma. Kwa hiyo bado uko kwenye moja, Zelik. Na sheria haisemi barua, inasema uende kwa mtu.

Sikujua. Hilo uliandike mahali ulikumbuke. Mpaka Oktoba sikujua. Nilikuwa na mdogo mmoja mwema aliyeko mbali na rafiki mmoja mbaya aliyeko mtaa wa pili. Sasa sina hata mmoja wao, na mtaa wa pili uko palepale.

Kuhusu Gutkin sina uchungu. Nahum ameoa Toronto, nasikia haruhusiwi kufungua dirisha. Nisingefaa.

Kuhusu Pesha usiniulize. Mama naye hajui lolote, nawe usimwandikie.

Hinde


Kambini, 5 Mei 1912

Dada Hinde,

Salamu kwako na kwa mama, na poleni na ngazi. Mito imefunguka, tope limekuwa bwana wa kambi. Pasaka niliifanya kwa viazi siku nane. Toivo aliniuliza kama hii nayo ni toba. Nikamwambia hapana, hii ni furaha, tunasherehekea uhuru. Akaangalia kiazi changu, akaniangalia mimi, akaenda zake.

Umesema nisikuulize kuhusu Pesha. Sikukuuliza. Nilimwandikia yeye, kwa anwani ya kiwanda cha glavu anakofanya kazi. Nilimweleza kila kitu, bafu, benchi, matawi, mkate. Nilijiandaa kwa matusi. Amenijibu kwa ukurasa mmoja, na nusu ya ukurasa anauliza kama nina koti zito.

Nusu nyingine hii hapa, neno kwa neno:

"Nilijua ni wewe tangu siku ile mezani. Niliona unavyotafuna. Hakuna mtu anayetafuna kipande kimoja muda wote ule. Ningesema, Hinde angempoteza mdogo wake, na mama yenu angempoteza mwanawe mmoja. Mimi ni mpangaji, nikadhani mpangaji atasahaulika kwa wiki mbili. Nilikosea hesabu. Wewe nimekusamehe zamani, usijichoshe. Dada yako ndiye ninayemngoja. Tangu vuli ameacha kuvuka barabara akiniona. Sasa anasimama palepale, anaangalia dirisha la muuza samaki kama hajawahi kuona samaki, mpaka nipite."

Sasa, Dada, uliniambia sheria inasema uende kwa mtu. Mimi mtu wangu yuko mbali mchana na usiku kwa treni. Wako yuko mtaa wa pili. Miezi saba hujamwona isipokuwa kwa kioo cha samaki. Mimi nilipewa msamaha nikaurudisha, sawa, ni mjinga. Wewe unangojewa na msamaha, hutaki kwenda kuuchukua. Huo nao tuuiteje?

Sikusemi kwa ubaya. Nina bahati mbaya kwamba kila ninapokosa kusema ni kosa, na ninaposema ni kosa.

Zelik


Montreal, 18 Agosti 1912

Mdogo wangu Zelik,

Mama anakusalimu sana. Alianguka mwezi wa sita, si vibaya, mkono tu, bandeji imeshatoka. Sikukuandikia kwa sababu ungekuja mbio, na mimi sikuwa tayari uje. Sasa umejua.

Barua yako ya Mei niliitupa jikoni, kwenye moto. Kisha nikaitoa. Ina alama ya moto pembeni, lakini sehemu ya samaki inasomeka vizuri, bahati yangu.

Nitakwambia mara moja, nawe usijibu chochote juu yake. Nimeenda kwa Pesha mara tatu. Si utani, nimehesabu kwa sababu wewe ulinifundisha kuhesabu. Mara ya kwanza nilifika kona. Mara ya pili nilifika ngazi. Mara ya tatu nilifika mlangoni, nikainua mkono, nikamsikia ndani anaimba kile kiwimbo cha kipuuzi alichokuwa akiniimbia hospitalini nisilale na hofu. Nikashuka. Niingie nikaseme nini? "Nilikutoa kwenye theluji kwa kosa la mdogo wangu, habari za leo?" Wewe ulikosa kwa mdomo, ukanyamaza. Mimi nilishika sanduku lake kwa mikono yangu miwili nikalitupa nje. Kamba ilikatika. Aliokota soksi zake barabarani, nami niko dirishani naangalia kama anaziokota zote.

Unauliza mbona sikusamehe. Nilikaa miezi kumi nikijiambia ni kwa sababu ya bafu. Si bafu. Nikikusamehe wewe, hasira inakwisha, na hasira ikishakwisha kinachobaki ni mimi na lile sanduku. Nikikukasirikia wewe sihitaji kupanda zile ngazi. Hiyo ndiyo kazi uliyokuwa unanifanyia huko kaskazini, pamoja na reli.

Mama tumemwambia. Yaani nimemwambia. Nilidhani ataanguka tena. Akasema, "Zelik? Nilijua. Mtoto huyo tangu mdogo akikosa anatafuna." Nikamwuliza, mama, ulijua, ukaniacha nimtoe Pesha? Akakunja kitambaa cha vyombo, akakikunjua. Halafu akasema naye atakuja, tumbebe kwenye ngazi, ana lake la kumwambia Pesha. Kwa hiyo nyumba hii nzima ilikuwa inajua, isipokuwa mimi niliyepiga kelele.

Mwaka huu Upatanisho unaanguka Sabato, tarehe ishirini na moja ya Septemba, unaingia Ijumaa jua likizama. Kalenda hii hapa, mapema, usinisingizie mawingu. Lakini sitaki ufunge huko nyuma ya mataruma na magunia miguuni. Njoo. Tutaenda kwa Pesha wote, wewe mbele, kwa sababu wewe ulianza. Nitakusamehe palepale mlangoni kwake, si kabla, na si kwa barua. Na yeye akinisamehe mimi, sawa. Asiponisamehe, utaninong'oneza ile sheria yako ya mara tatu, nami nitakupiga kofi, tuanze mwaka.

Hinde


Kambini, 1 Septemba 1912
Mwaka mmoja, miezi minne na siku ishirini na sita tangu niondoke

Dada Hinde,

Salamu kwako na kwa mama. Umeniambia nisijibu chochote, sijajibu.

Nimekwenda kwa nyapara kuomba ruhusa. Akauliza, "Ni ile ile ya mwaka jana? Bado hujasamehewa?" Nikamwambia bado. Akasema, "Mwaka mzima! Kwani uliua nani?" Nikasema hakuna aliyekufa, nilimsifia dada yangu bafuni. Akaandika jina langu kwenye orodha ya wanaoondoka, akaniambia nisirudi mpaka nipone.

Toivo na Onufri wanakusalimu. Onufri amesikia habari za alama yake na mama, amefadhaika, amejifunza kuandika O. Ameniandikia O tatu kwenye karatasi, kama zitahitajika mlangoni kwa Pesha. Nimezichukua. Mimi mwenyewe sijui nitasema nini pale. Njiani nimepanga kujizoeza, lakini kila nikijizoeza nagundua naeleza kwa nini, na nadhani Pesha hahitaji kwa nini. Alikuwepo.

Mwambie mama asipike sana. Mwambie asininunulie jogoo mwingine, safari hii kichwa nakileta.

Gari la unga litanishusha kituoni Jumanne tarehe kumi na saba. Nategemea kufika Montreal Alhamisi tarehe kumi na tisa, asubuhi. Treni ya huku ikifanya desturi yake, basi Ijumaa saa nane mchana, na jua linazama saa kumi na mbili. Saa nne zinatutosha watu wanne, mradi hakuna atakayeanza kujieleza.

Zelik